Iran: Miaka 50 ya ubishi, kinu kimoja cha umeme

Ukimuuliza mtu yeyote kijiweni Iran inagombana na Marekani kwa sababu gani atakujibu bila kufikiri, nyuklia. Muulize sasa hiyo nyuklia imewasha taa ngapi, hapo utaona anakuna kichwa. Na wala simlaumu, maana hata vyombo vikubwa vya habari hilo swali huwa hawaligusi, wao ni bomu, bomu, uraniamu ya asilimia 60, mahandaki chini ya mlima. Jibu lenyewe ni hili: nchi iliyowekewa vikwazo vya kila namna, wanasayansi wake wakauawa barabarani, mitambo yake ikaingizwa virusi vya kompyuta, na Juni 2025 ikapigwa mabomu na Israel kisha na Marekani, ilikuwa na kituo kimoja tu cha umeme wa nyuklia, kile cha Bushehr kwenye pwani ya Ghuba, kinachotoa kama megawati 1,000. Hata nusu ya Bwawa la Nyerere hakifiki, lile lina 2,115. Kwenye umeme wote wa Iran hiyo ni asilimia moja, sanasana mbili.

Ndo maana nachoka na pande zote mbili za huu ubishi. Kuna wanaosema Iran ni shujaa wa nchi maskini, anapigania haki ya umeme na mabeberu wanamwonea. Kuna wengine wanasema umeme ulikuwa kisingizio tangu siku ya kwanza, jamaa walitaka bomu tu basi. Wote wanaruka katikati, na katikati ndo kuna mambo, maana ukifuatilia hii habari toka mwanzo unakuta ugomvi mkubwa haukuwa juu ya kinu cha umeme, ulikuwa juu ya mafuta ya kukiendeshea hicho kinu, yaani uraniamu, nani anayatengeneza na nani ana uwezo wa kukunyima siku mkikosana.

Turudi nyuma kidogo, maana hii kitu haikuanza na maayatollah, hao viongozi wa dini walioshika nchi 1979. Desemba 1953 Rais wa Marekani Eisenhower alisimama Umoja wa Mataifa akatangaza mpango wa atomu kwa ajili ya amani, baada ya hapo Marekani ikawa inagawa vinu vidogo vya utafiti kwa marafiki. Kinshasa, enzi hizo bado Léopoldville chini ya Wabelgiji, ilipata cha kwake 1959, cha kwanza Afrika nzima (na uraniamu nyingi iliyotengeneza bomu la Hiroshima ilikuwa imechimbwa Shinkolobwe kule Katanga, kwa hiyo Wakongo walishatoa mchango wao mapema bila kuulizwa). Iran ilisaini ushirikiano na Marekani 1957, na 1967 kinu cha utafiti cha megawati 5 kikawashwa pale Tehran. Mafuta yake yalikuwa uraniamu iliyorutubishwa (yaani iliyoongezewa ile aina inayofaa kwa kinu, nitaeleza mbele) asilimia 93. Soma tena, 93, hicho ni kiwango cha bomu, na yalitoka Marekani yenyewe, leo hii wanagombania 60.

Halafu 1974, bei ya mafuta ghafi imepanda, Shah, mfalme wa Iran wakati huo, hela zimejaa, akatangaza anataka megawati 23,000 za nyuklia. Elfu ishirini na tatu. Leo hoja unayoisikia kila siku ni kwamba nchi yenye mafuta na gesi yote ile nyuklia ya nini, lakini miaka hiyo serikali ya Rais Ford iliikubali kabisa hoja ya Shah kwamba akizalisha umeme kwa nyuklia mafuta yake yatabaki kwa ajili ya kuuza nje. Jiografia haijabadilika, gesi iko palepale, kilichobadilika ni nani anakaa ikulu ya Tehran. Hilo la kwanza la kuliweka mfukoni, ingawa halimsafishi mtu yeyote, tutafika huko.

Shah hakuwa mjinga. Alijua kinu bila mafuta ni jengo tu. Kwa hiyo 1975 akaingia hisa kwenye kampuni ya Eurodif, mradi wa kurutubisha uraniamu ulioongozwa na Wafaransa kule Tricastin, Iran ikapata asilimia 10 na ikatoa mkopo wa dola bilioni moja kusaidia kujenga kiwanda. Dola bilioni moja ya miaka hiyo. Makubaliano ni kwamba na yeye atachukua sehemu yake ya uraniamu iliyorutubishwa. Mwaka 1979 kiwanda kinaanza kazi na mwaka huohuo mapinduzi yanatokea Iran. Serikali mpya kwanza ikasimamisha yenyewe miradi ya nyuklia, baadae ikabadili mawazo ikadai chake, Ufaransa ikagoma. Mzigo hawakupewa. Ugomvi wa hela uliisha 1991, wakarudishiwa fedha na riba, ila uraniamu hapana, hata kilo. Sasa wewe jiweke kwenye kiti cha ofisa wa Tehran, una hisa kihalali kwenye kiwanda, umekijenga kwa hela yako, na bado umenyimwa kwasababu za kisiasa, halafu miaka 25 baadae wanakuja Wazungu walewale na mafaili wanakwambia bwana wewe usirutubishe, sisi tutakuuzia, tuamini. Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi naona bila kuielewa Eurodif huwezi kuielewa Iran hata kidogo, na ajabu ni kwamba kwenye uchambuzi mwingi wa hii ishu jina hilo halitajwi kabisa.

Bushehr nayo ina mkasa wake. Wajerumani wa Kraftwerk Union, tawi la Siemens, walipewa kazi 1975 ya kujenga vinu viwili. Mapinduzi yakatokea kimoja kikiwa karibu kimekamilika, wakaondoka. Ikaja vita na Iraq, ndege za Saddam zikapiga eneo la ujenzi mara kadhaa. Vita ikaisha, Iran ikawaomba Wajerumani warudi kumalizia, wakakataa, presha ya Washington ilikuwa kubwa. Ikabisha hodi kwingine, milango ikafungwa, mpaka 1995 Warusi wakakubali kwa kama dola milioni 800. Hata hapo haikuisha, kiwanda cha Kharkiv kule Ukraine kilichokuwa kitoe tabo za mvuke kikajitoa 1998 baada ya Marekani kuibana serikali ya Kyiv, China nayo 1997 ikaachana na mipango yake ya kujenga kiwanda cha kuchakata uraniamu Isfahan. Warusi wakabaki na kazi ya kuingiza mtambo wao kwenye jengo lililochorwa na Wajerumani kwa mtambo tofauti kabisa, boila za mvuke za Wajerumani zinasimama wima, za Kirusi zinalala, kwa hiyo fikiria mafundi wanavyohangaika humo ndani na vifaa vilivyokaa kwenye joto na chumvi ya Ghuba miaka 20. Mwanzoni mwa 2011 mafuta yameshaingizwa kwenye kinu, kila mtu anasubiri umeme, pampu moja ya dharura ya enzi za Wajerumani ikapasuka ndani na vipande vya chuma vikahofiwa kuingia kwenye mfumo wa kupoza, ikabidi fito zote za mafuta zitolewe tena zioshwe. Umeme wa kwanza uliingia gridi Septemba 2011, miaka 36 toka wasaini na Wajerumani.

Na hapa ndo naona Marekani walichemka vibaya. Kinu cha Bushehr ndo kilikuwa kitu kisicho na hatari kuliko vyote kwenye huo mpango, mafuta yanatoka Urusi, yakishatumika yanarudi Urusi, wakaguzi wa IAEA, shirika la atomu la Umoja wa Mataifa, wanaingia. Ukitaka Iran iwe na nyuklia ya amani, mfano ndo ule. Lakini miaka yote ya 90 nguvu ya kidiplomasia ilitumika kuziba huo mlango wa mbele, kuwatisha Waukraine na Wachina na Wajerumani, na wakati wanaziba mlango wa mbele Iran ilikuwa imeshaingilia wa nyuma. Mtandao wa yule Mpakistani, A.Q. Khan, mtaalamu wa bomu la kwao, ulikutana na Wairani Dubai 1987 na kuwauzia michoro na vipuri vya mashine za kurutubishia. Baadae sana Marekani walikuja kukubali kwamba Bushehr haina shida. Sawa, ila muda ulishapita.

Sasa kwa faida ya wasiojua hizi mashine zinafanya nini. Uraniamu ya kuchimbwa, hata ile ya kwetu Mkuju kule Namtumbo, ndani yake ile aina inayofaa kwa kinu, yaani U-235, ni asilimia 0.7 tu. Unaigeuza kuwa gesi, unaiingiza kwenye mitungi mirefu inayozunguka kwa spidi ya kutisha, ile nzito inasogea pembeni, ile nyepesi unayoitaka inabaki karibu na katikati, unaivuta unaipeleka kwenye mtungi unaofuata, na unaofuata, maelfu ya mitungi. Ukifika asilimia 3 mpaka 5 una mafuta ya kinu cha umeme. Ukifika 90 una bomu. Mashine ni zilezile. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kazi kubwa iko mwanzoni, ukishafika asilimia 20 umeshamaliza sehemu kubwa ya safari ya kwenda 90, na ukiwa na 60 kilichobaki ni kidogo sana. Hapo ndo utaelewa kwanini hakuna mwanadiplomasia anayelala vizuri nchi fulani ikisema inarutubisha kwa ajili ya umeme, anaweza kuwa anasema kweli leo na bado kesho akabadilisha mawazo ndani ya wiki chache.

Agosti 2002 kundi la wapinzani wa Iran waliopo uhamishoni likaanika mitambo ambayo Iran haikuwa imeitangaza, Natanz wa kurutubishia uraniamu na Arak wa maji mazito. Iran ikajitetea kwamba kwa taratibu zilizokuwepo haikuwa inalazimika kutangaza kiwanda mpaka siku 180 kabla ya kuingiza uraniamu, na kisheria kuna ukweli hapo, lakini wakaguzi walipoingia wakakuta na mengine ambayo yalipaswa kutangazwa na hayakutangazwa. Na Desemba 2015 IAEA walipofunga faili la zamani waliandika wazi kwamba Iran ilikuwa na kazi zilizoratibiwa zinazohusiana na kutengeneza bomu mpaka mwishoni mwa 2003. Kwa hiyo wale wa "Iran hajawahi kufikiria bomu" na wao wakae chini. Alifikiria. Alifanya utafiti. Halafu, kwa taarifa za majasusi wa Marekani wenyewe walizotoa 2007, akasimamisha mwaka huohuo 2003, Saddam akiwa ameshang'olewa jirani hapo.

Kilichofuata kinatuhusu kidogo. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walienda Tehran Oktoba 2003, Iran ikakubali kusimamisha urutubishaji, aliyeongoza mazungumzo upande wa Iran ni Hassan Rouhani, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais baadae. Wakakaa hivyo karibu miaka miwili, wakisubiri Wazungu walete kifurushi cha maana, kilipokuja Agosti 2005 Iran ikakiona ni matusi na ikawasha mitambo ya Isfahan, Ahmadinejad ndo kwanza anaingia ofisini. Faili likapelekwa Baraza la Usalama. Na nani alikuwa kwenye Baraza 2005 na 2006? Tanzania. Julai 31, 2006 azimio 1696 la kuitaka Iran isimamishe lilipita kwa kura 14, Qatar peke yake ikakataa. Desemba 23 likaja 1737 lenye vikwazo vya kwanza, likapita kwa kura zote 15, ya kwetu ikiwemo. Sisemi tulikosea, nasema tu tulikuwa mle ndani na mkono tulinyoosha, na sikumbuki hapa nyumbani kama kuna mtu alibishana juu ya hilo, tulikuwa tunahangaika na mgao wa umeme na kashfa ya Richmond.

Afrika Kusini ndo walionyesha msimamo wa tofauti. Februari 2006 bodi ya IAEA ilipopiga kura kulipeleka suala hili New York wao walijizuia, pamoja na Algeria, Libya, Indonesia na Belarus. Na hao ni watu waliokuwa na mabomu sita ya nyuklia wakayabomoa wenyewe, wana Koeberg inayozalisha umeme toka 1984, yaani ndio Waafrika pekee wanaoongea hii lugha kwa uzoefu. Hoja yao ilikuwa rahisi, leo mkimzuia Iran kurutubisha kesho mtatuzuia sisi, na mkataba wa NPT, ule wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, kipengele cha nne unasema haki ya nyuklia ya amani haiondosheki. India, ambayo haijasaini hata huo mkataba na ina mabomu yake, ikapiga kura dhidi ya Iran, na 2008 ikafunguliwa soko la nyuklia la dunia. Israel yenye kituo chake cha nyuklia cha Dimona haiulizwi kitu. Ukiyaona haya unaelewa kwanini mtu wa kawaida Zanzibar au Mombasa hata kama hampendi Ahmadinejad anaona kuna mizani imepinda mahali.

Lakini kisa ambacho mimi nakiona ndo chenyewe ni cha 2009 na 2010. Kile kinu cha Tehran cha Wamarekani, ambacho kilishabadilishwa kitumie mafuta ya asilimia 20 kutoka Argentina, mafuta yake yalikuwa yanaisha. Kinatengeneza dawa za mionzi kwa wagonjwa wa kansa, hicho hakina ubishi. Iran ikaomba IAEA iinunulie mengine. Nchi kubwa zikaona nafasi, zikasema sawa, tupe kilo 1,200 za uraniamu yako ya asilimia ndogo itoke nje ya nchi, sisi tutakuletea fito za kinu chako. Ahmadinejad alitaka! Huyo mtu wa maneno makali ndo alikuwa tayari, waliompinga ni wapinzani wake wa ndani, akina Mousavi, wakamwambia unauza nchi. Dili likafa. Februari 2010 Iran ikasema basi tutarutubisha wenyewe mpaka 20, na kabla ya hapo ilikuwa haijawahi kuzidi 5.

Ndo wakaingia Lula wa Brazil na Erdoğan wa Uturuki. Brazil na Uturuki zote zilikuwa kwenye Baraza la Usalama, na Aprili 2010 Obama alimwandikia Lula barua akieleza masharti ambayo Marekani ingeyaona yana maana, na ndani yake zile kilo 1,200 ziende Uturuki. Mei 17 Lula na Erdoğan wakatoka Tehran na karatasi iliyosainiwa, kilo 1,200, Uturuki, vilevile. Kesho yake, kesho yake tu, Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatangaza kwamba wakubwa wote watano wa Baraza wamekubaliana rasimu ya vikwazo vipya. Hoja ya Marekani ilikuwa kwamba akiba ya Iran imeshaongezeka tangu ile ofa ya kwanza, kwa hiyo kilo 1,200 hazitoshi tena, na kwamba Iran imesema itaendelea kurutubisha 20 hata hivyo. Ni hoja yenye akili, sikatai, lakini kama ndo hivyo ile barua ya Aprili ilikuwa ya nini? Wabrazili walikasirika mpaka barua yenyewe ikaishia kwenye magazeti.

Juni 9 kura ikapigwa, azimio 1929, Brazil na Uturuki wakakataa, Lebanon ikajizuia, wengine 12 ndio. Uganda ilikuwa mmoja wa hao 12. Ahmadinejad alikuwa Kampala Aprili ya mwaka huohuo, kapokelewa na Museveni vizuri, wameongea habari za kiwanda cha kusafisha mafuta, na mwaka mmoja kabla alikuwa Nairobi. Safari zote hizo, zulia jekundu, picha, hazikununua hata kujizuia. Siwasemi Waganda vibaya, nchi ndogo ina hesabu zake, na hesabu za Kampala siku zote zimepita Washington kwanza.

Miaka miwili baadae ikawa zamu yetu kuonja. Umoja wa Ulaya ulikuwa unakaribia kugomea mafuta ya Iran kuanzia Julai 2012, meli za mafuta za Iran zikawa haziwezi kutembea na bendera za Malta na Cyprus, zikaanza kutafuta bendera mpya, na zikaipata Zanzibar. Mamlaka ya usafiri baharini ya Zanzibar ilikuwa na wakala wake Dubai anayesajili meli, meli haina haja hata ya kuiona bandari ya Malindi pale Unguja, unalipa, unapewa karatasi, nyuma ya meli panapigwa rangi upya jina la bandari, Zanzibar, na tenki kubwa la Iran linakatiza Hormuz na bendera ya Jamhuri ya Muungano. Juni mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete barua kali. Kwanza tukakana, halafu tukasema tunachunguza, mwisho Agosti Waziri wa Mambo ya Nje Membe akatoka akasema meli 36 zinafutwa na wakala kasimamishwa. Kwa kuangalia tu jinsi ile ishu ilivyokwenda, mtu wa Dodoma au Dar hakujua mtu wa Dubai anafanya nini na jina lake. Wakati huohuo Wakenya walikuwa wamesaini makubaliano ya kuchukua tani milioni 4 za mafuta ghafi ya Iran kwa mwaka, siku chache tu baadae wakayafuta. Nadhani hapo ndo unapoona presha ya kidiplomasia inafanya kazi kweli, kwa sisi. Kwa Iran yenyewe mashine zilizidi kuongezeka kila mwaka.

Zilipungua lini? Zilipungua walipokaa mezani. Makubaliano ya Vienna ya Julai 2015 yaliishusha Iran mpaka asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, uraniamu tani 11 ikapakiwa melini kwenda Urusi, Fordow, kiwanda kilichochimbwa chini ya mlima, ikaacha kurutubisha, kamera na wakaguzi kila kona. IAEA walithibitisha mara kwa mara kwamba Iran inatimiza. Mei 8, 2018 Trump akajitoa. Wazungu wakaunda kampuni yao ya kukwepa vikwazo vya dola, INSTEX, ikaja kufanya muamala mmoja wa vifaa vya tiba kisha ikafa. Iran ikasubiri mwaka mzima, Mei 2019 ikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, Aprili 2021 baada ya hujuma Natanz ikapanda mpaka 60, na siku Israel inaanza kupiga, Juni 13, 2025, kwa hesabu ya IAEA ilikuwa na kilo 440.9 za hiyo 60. Hakuna kinu cha umeme duniani kinachohitaji 60, tusidanganyane. Ile ilikuwa karata ya mazungumzo, au ndo bomu lenyewe linakaribia, chagua mwenyewe, ila umeme haikuwa. Septemba mwaka huohuo vikwazo vyote vya Umoja wa Mataifa vikarudi, na lile azimio 1737 ambalo tulilipigia kura 2006 likafufuka nalo.

Na lawama yangu kwa Tehran iko hapa. 2015 walikuwa na mashine za kurutubishia karibu 20,000 zilizosimikwa na kinu kimoja cha umeme ambacho mafuta yake yanatoka Urusi. Kurutubisha ambako kwa ajili yake kila kitu kilitolewa sadaka hakujawahi kukilisha kinu hicho. Wametunza haki yao ya kurutubisha vizuri sana, wameilinda kwa damu, na huku Desemba 2024 serikali inafunga ofisi na shule kwa sababu gesi ya kuzalishia umeme haitoshi, nchi ya pili duniani kwa akiba ya gesi. Riali iliyokuwa elfu thelathini na kitu kwa dola moja mwaka 2015 ikapita milioni moja 2025. Mwalimu wa shule Isfahan haki ya kipengele cha nne hailipi kodi ya nyumba.

Upande wa pili wa maji kuna Imarati, ambapo ndugu zetu wengi wanafanya kazi, na wengine umeme wanaotumia sasa hivi ni wa nyuklia bila hata kujua. Hawa 2009 walisaini na Marekani mkataba wa kujinyima kabisa, hakuna kurutubisha wala kuchakata mafuta yaliyotumika, Desemba mwaka huo wakawapa Wakorea kazi ya dola kama bilioni 20, kinu cha kwanza Barakah kikawaka 2020, cha nne kikaanza biashara 2024, jumla megawati 5,600, robo ya umeme wa nchi. Miaka 15. Mtu akiniambia Kenya au Uganda wafuate njia gani kule Siaya na Buyende, wanakopanga kujenga vinu vyao, sina haja ya kufikiri sana, hata kama najua Imarati walikuwa na hela na urafiki ambao sisi hatuna, na kwamba siku rafiki akigeuka, mafuta ya kinu yanatoka nje palepale, Eurodif inaweza kujirudia.

Ila Waarabu nao hawakulala. Kwenye makubaliano yaleyale ya 2009 waliweka kipengele kwamba nchi nyingine ya ukanda ule ikija kupewa na Marekani masharti nafuu zaidi, wao wanaruhusiwa kurudi mezani kudai na wao. Na Saudi Arabia kwa miaka mingi iligoma kusaini masharti kama ya jirani yake, ilitaka mlango wa kurutubisha ubaki wazi, na mrithi wa ufalme Mohammed bin Salman alishasema kwenye televisheni ya Marekani 2018 kwamba Iran ikipata bomu na wao watatafuta la kwao haraka iwezekanavyo. Hajawekewa kikwazo hata kimoja kwa kusema vile.